Jumuiya ya wapasuaji mbao Pemba: tuanze na bei moja au vipimo vimoja?

Mbao_Kaskazini (Wete) – swali

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Wapasuaji na wauzaji wa mbao wa Wete, Chake Chake na Mkoani wanazungumza juu ya kuunda chombo kimoja cha Pemba nzima. Waliomo ni watu wa makundi matatu. Kuna wenye misumeno ya moto (chensoo) wanaopasua mashambani: miembe, mifenesi, minazi, mivinje. Kuna wenye mashine zilizokaa pahala pamoja, za duara (jisu la mviringo) na za bendi (jisu la ukanda). Halafu kuna wenye magodauni ya mbao za paini zinazotoka Mafinga na kuvuka bahari kutoka Dar es Salaam au Tanga. Haja zao hazilingani, na hapo ndipo mazungumzo yanapokwama.

Naomba wanaolijua jambo hili wanisaidie kwa haya:

Chombo kiandikishwe kama jumuiya au ushirika? Katika katiba, vifungu gani vikikosekana chombo huvunjika? Walio wengi wanataka jambo la kwanza liwe bei moja kisiwa kizima, wachache wanasema vipimo kwanza, maana 2x4 (inchi 2 kwa 4) ya godauni hili si 2x4 ya godauni lile. Nani ana haki? Na mbao za mnazi zipangiwe vipi daraja, ikiwa mti mmoja unatoa ubao mgumu na ubao laini kama sponji?

Tafadhali mtoe hesabu na utaratibu.

---

Karani_wa_Ushirika

Wa alaykum salaam. Nianze na uandikishaji kwa sababu ndio utakaoamua mambo mengine.

Jiulizeni swali moja: mtanunua kitu pamoja na kugawana faida? Kama jibu ni ndiyo, yaani mashine ya bendi ya pamoja, tangi la kutilia mbao dawa, au mzigo wa pamoja kutoka bara, basi ni ushirika. Sheria ya vyama vya ushirika ya Zanzibar inakupeni hisa, hesabu zinazokaguliwa na uwezo wa kukopa kwa jina la chama. Afisa Ushirika wa wilaya ndiye mlango wa kuingilia. Anatoa masharti ya mfano na anahudhuria mkutano wa kuanzisha. Kama mnachotaka ni sauti moja mbele ya Idara ya Misitu, Baraza la Mji na wakandarasi, pamoja na kusimamia vipimo, basi jumuiya inatosha, na ni nyepesi kuiendesha.

Maoni yangu: anzeni na jumuiya. Wale watakaotaka mashine ya pamoja waunde ushirika wao, nao uwe mwanachama wa jumuiya. Kuvichanganya viwili hivi tokea siku ya kwanza ni hatari, maana deni la mashine litawaandama hata wasioitumia, na mtu akidaiwa kwa kitu asichokitumia hatakuja tena mkutanoni.

Katiba. Msinakili ya chama cha wavuvi mkabadilisha jina. Vifungu vitano vinastahili kuandikwa kwa mkono wenu wenyewe:

Cha kwanza ni kura. Mtu mmoja kura moja, hata kama mmoja anauza meta 5 za ujazo kwa mwezi na mwengine 200. Mkitoa kura kwa ukubwa wa biashara, wenye magodauni watawameza wapasuaji wa shamba ndani ya mwaka mmoja.

Cha pili ni viti. Kamati ya watu 9, watatu kutoka kila kundi, na ndani ya kila watatu kuwe na mtu wa kaskazini na mtu wa kusini mwa kisiwa. Uenyekiti uzunguke baina ya makundi kila baada ya miaka miwili.

Cha tatu ni ada. Hapa ndipo ukubwa wa biashara unapotakiwa uonekane. Wekeni ada ya chini inayolingana kwa wote, kisha nyongeza ndogo kwa kila meta ya ujazo iliyouzwa. Ada ya mkupuo peke yake inamwonea mdogo, na ada ya ujazo peke yake inawafanya watu wafiche mauzo. Vikiwa viwili, udanganyifu haumlipi sana mtu.

Cha nne ni uhalali wa mti. Mwanachama asiuze ubao usio na karatasi. Kwa mti wa shambani, hata kama shamba ni lake, njia inaanzia kwa sheha na kumalizikia ofisi ya misitu ya wilaya, na msumeno wa moto nao una kibali chake. Mkarafuu hauguswi bila ya ruhusa. Boriti za mikoko msizipokee. Msitu wa Ngezi ni hifadhi, kwa hiyo gogo la mvule lisiloelezeka limetoka wapi lisiingie kwenye mashine ya mwanachama. Sheria Nam. 10 ya 1996 ya misitu ya Zanzibar haimwangalii mkataji tu; anayeshika mali isiyo halali naye anahojiwa. Jumuiya yenye mwanachama mmoja wa namna hiyo hupoteza mazungumzo yote na Idara.

Cha tano ni kuondoka. Andikeni mtu anatolewaje, anarudije, na alama yake ya kwenye mbao inafutwa lini. Vyama vingi huandika kuingia tu.

Mweka hazina asiwe yule anayeidhinisha malipo. Hilo halihitaji maelezo.

---

Mezani_kwa_Kalipa

Nijibu la bei na vipimo, kwa sababu kwa maoni yangu hapa ndipo jumuiya yenu itakaposimama au kuanguka.

Bei moja haiwezekani kabla ya kipimo kimoja. Tazameni hesabu. 2x4 ya futi 12 ikiwa na inchi kamili ni milimita 50.8 kwa 101.6 kwa meta 3.66, yaani meta za ujazo 0.0189. Mbao 53 za namna hiyo ni meta moja ya ujazo. Sasa chukua ubao ulioandikwa 2x4 lakini ukipimwa ni 45 kwa 95. Mbao 53 hizo ni meta 0.83. Mnunuzi amelipia meta moja, amekosa sehemu moja ya sita. Wawili hawa wakiuza kwa bei moja, mkweli ndiye anayepata hasara, na baada ya miezi michache naye atasogeza mwongozo wa mashine yake. Bei moja juu ya vipimo viwili inamlipa anayepunja.

Na si ujazo tu. Kwenye paa, ubao husimama kwa ubavu wake mwembamba, na ugumu wake wa kutopinda unafuata upana mara kimo mara kimo mara kimo. 45 kwa 95 inabakiwa na asilimia 72 tu ya ugumu wa 2x4 kamili. Nguvu ya kutovunjika inabaki asilimia 77. Fundi amepiga hesabu ya makenchi kwa 2x4, akayatenga kwa nafasi anayoijua, halafu bati linaanza kubonyea katikati, na anayelaumiwa ni fundi.

Hesabu za kubandika ukutani, kwa futi 12 na inchi kamili: 2x2 ni mbao 106 kwa meta ya ujazo, 1x8 ni 53 kama 2x4, 1x10 ni 42, 2x6 ni 35.

Sasa tatizo halisi: ubao mbichi hupungua. Paini ikitoka kwenye ubichi hadi ukavu wa hewa ya kwetu, ambao ni unyevu wa kama asilimia 15 hadi 17 kwa sababu ya bahari, hupoteza karibu asilimia 3 ya upana na unene. Urefu haubadiliki kwa kiasi cha kuhesabika. Kwa hiyo 101.6 mbichi inakuwa 98 na kitu, na 50.8 inakuwa 49. Ongeza kuyumba kwa msumeno wa milimita moja. Kwa hiyo kanuni inayotekelezeka ni hii: *pasua inchi kamili ikiwa mbichi, ikikauka, 2x4 isiwe chini ya 48 kwa 97.* Mpasuaji yeyote mwenye mashine iliyonyooka anaifikia bila ya kupoteza kitu. Asiyeifikia, mashine yake haijanyooka au anapunja.

Kwa wale watakaouliza mbona Marekani 2x4 ni ndogo zaidi: kweli, huko 2x4 iliyopigwa randa na kukaushwa ni inchi 1.5 kwa 3.5, yaani 38 kwa 89. Lakini imeandikwa, na kila mhandisi na fundi anapiga hesabu zake kwa namba hiyo. Ubao mdogo unaojulikana hauna kosa. Kosa ni namba moja yenye maana kumi.

Upimaji wenyewe: chagua mbao 20 kutoka kwenye rundo, si za juu peke yake. Pima kwa kalipa, kile kipimio cha kubana ubao, pahala patatu: sentimita 30 kutoka kila ncha na katikati. Utepe haufai kwa unene, jicho husogea. Ikiwa mbao zaidi ya moja katika 20 ziko chini ya kiwango, rundo zima linapangwa upya na mwenyewe kwa gharama yake. Anayepima asiwe wa wilaya ile ile.

Kosa la kawaida kwenye mashine ya duara ni ubao mnene ncha moja na mwembamba ncha ya pili. Hiyo ni reli au mwongozo usiolingana na jisu. Ubao wenye mawimbi katikati ni jisu lililopata joto au meno yasiyotanuliwa sawa pande zote mbili. Kwa bendi, ukanda unapotembea juu na chini ndani ya ubao, kwanza kaza mvutano, pili punguza kasi ya kusukuma gogo, tatu angalia kama meno bado makali. Wengi hubadilisha ukanda mzima kabla ya kujaribu haya.

---

Mnazi_na_Mwembe

Nimefurahi swali la mnazi limeulizwa, maana huo ndio mti wetu na ndio usioheshimiwa.

Mnazi hauna kiini kigumu ndani kama miti mengine. Ni kinyume: ugumu uko nje, karibu na ganda, na chini ya shina; katikati na juu ndiko kulaini. Mnazi mkongwe uliokwisha zaa, wa miaka 60 na kuendelea, ndio wenye ubao wa maana. Mdogo usipasuliwe kabisa.

Madaraja matatu yanatosha, na kipimo chake ni uzito. Kata kipande cha ubao *mkavu* cha sentimita 10 kwa 10 kwa 10, au gundisha vipande vyembamba vifikie hapo. Uzito wake kwa gramu ndio uzito wa meta moja ya ujazo kwa kilo. Gramu 600 na zaidi ni ngumu: nguzo, makenchi, ngazi, sakafu. Baina ya 400 na 600 ni ya kati: fremu za ndani, papi, samani zisizobeba mzigo mkubwa. Chini ya 400 ni laini: usiutie kwenye jengo hata ukipewa bure, maana msumari haukai. Rangi inasaidia pia. Ubao mgumu una nyuzi nyeusi zilizosongamana, laini una nyuzi chache zilizotawanyika kwenye weupe. Mpasuaji akizoea ataujua kwa jicho, lakini daraja la jumuiya lithibitishwe kwa mizani.

Namna ya kupasua: usipasue mnazi kama paini, kutoka upande mmoja hadi wa pili. Zunguka gogo. Toa ubao upande wa kwanza, geuza, toa wa pili, geuza tena, hivyo hivyo mpaka ubakie moyo laini wa mraba katikati. Moyo huo uachwe. Ukipasua moja kwa moja utapata ubao mgumu kingo mbili na laini katikati, ukikauka unapinda na hauna daraja.

Meno ya chuma cha kawaida hupoteza makali upesi mno kwenye mnazi, kwa sababu ya silika na nyuzi zake. Kwa duara, tumieni jisu lenye ncha za kabaidi. Ubao mgumu utobolewe kwanza kabla ya msumari, vyenginevyo msumari unapinda au ubao unachanika kwa nyuzi.

Wakati: gogo la mnazi lisikae. Ndani ya wiki mbili liwe limepasuliwa, hasa masika, la sivyo ukungu na wadudu huingia kwenye sehemu laini na kusambaa.

Na hili naomba liwe kifungu cha katiba, si pendekezo: mwanachama akikata mnazi, asiache shina, moyo wala mabanzi yakaozea shambani. Chonga, yule mdudu mwenye pembe, hutaga kwenye mnazi unaooza, mabuu hukulia humo, na wakitoka wanakwenda kutoboa vilele vya minazi mizima ya jirani. Mabaki yachomwe au yafukiwe vizuri ndani ya miezi mitatu. Mkulima akijua kuwa wanachama wa jumuiya wanasafisha shamba, atawaita hao na si mwengine. Hiyo ni faida ya biashara pamoja na kuwa ni haki ya jirani.

Mwembe: weupe wake huliwa na fukusi haraka sana. Pasua ndani ya siku chache, na kama ni kwa samani za ndani, chovya ubao *ungali mbichi* kwenye maji ya boraksi na asidi ya boriki, kisha ulundike bila ya kutenganisha na uufunike kwa turubai, kama mwezi mmoja kwa ubao wa inchi 1, ili dawa ipenye. Ndipo upange kwa kukausha. Dawa hii huoshwa na mvua, kwa hiyo ubao huo haufai nje.

Mvinje ni mzito na mgumu lakini huchanika vibaya ukikaushwa juani. Paka ncha rangi nzito au nta siku ile ile ya kupasua. Mimi ningeupangia daraja la nguzo na vipande vifupi tu.

Mfenesi uwekeeni daraja lake peke yake. Wachonga milango na wajenzi wa vyombo vya baharini wanautafuta. Na msitupe matawi yaliyopinda! Banzi lililopinda halina daraja kwa mjenzi wa nyumba, lakini kwa fundi wa majahazi ndilo taruma (ubavu wa chombo), na nyuzi zake zikifuata mpindo ni imara kuliko ubao ulionyooka ukachongwa upinde. Jumuiya ikiweka daftari la mafundi wa vyombo wa Wete na wa visiwa vya pembeni, kila mwanachama akipata tawi la namna hiyo ajue ampigie simu nani, mtauza kile kinachochomwa hivi sasa.

---

Bandari_Mkoani

Kwa upande wa paini ya bara, nina mambo machache.

Karatasi. Mbao ya Mafinga, iwe imetoka shamba la Sao Hill au mashamba ya watu binafsi, inasafiri kwa hati ya kusafirishia, ile inayoitwa TP, pamoja na risiti za malipo na alama ya nyundo. Idadi na vipimo vya kwenye TP vilingane na mzigo. Tofauti ndiyo inayowakwamisha watu kwenye vizuizi. Uliza kwanza kama gari la mazao ya misitu linaruhusiwa kutembea usiku bara, kisha panga safari kufuatana na hilo. Nakala ya TP ihifadhiwe na jumuiya kwa kila mzigo wa mwanachama. Mnunuzi wa mradi wa serikali akiuliza mbao imetoka wapi, jibu liwe kwenye faili.

Unyevu na nauli. Paini mbichi ina kilo 850 hivi kwa meta ya ujazo, iliyokaushwa kwa hewa kama 500. Gari la tani 10 linabeba meta 11 hadi 12 mbichi, au 20 kavu. Nauli ni ile ile. Na mbichi ikifungwa kwenye ngama ya meli kwa joto la pwani hupata ukungu wa buluu kwa siku chache. Ukungu huo hauondoi nguvu ya ubao, ila mnunuzi wa fremu na samani hautaki. Kwa hiyo mzigo wa pamoja wa jumuiya uagizwe mkavu, na iandikwe kwenye oda: unyevu usizidi asilimia 20. Wenye mashine ndogo za kule, dingidongi, wengi wanauza mbichi papo hapo, basi ni lazima mtu wenu awepo kupokea na kupima kabla ya kupakia.

Bara kuna Shirikisho la Viwanda vya Misitu, SHIVIMITA. Mkishaandikishwa, andikeni barua ya uhusiano. Muuzaji wa Mafinga anamsikiliza mtu mwenye chama nyuma yake.

Mbao zilizotiwa dawa ya kijani, ile yenye shaba, kromiamu na aseniki: vipande vyake visichomwe jikoni kamwe. Moshi na majivu yake ni sumu. Mabaki yetu mengi huchukuliwa kwa kuni, kwa hiyo kila godauni liyatenge na kuyapaka alama nyekundu.

---

Mbao_Kaskazini (Wete)

Mwenyezi Mungu akulipeni kheri. Haya ndiyo niliyokuwa nikiyatafuta.

Yamebaki mawili. Wapo watakaosema: basi tuweke vipimo *na* bei, vyote pamoja. Na la pili, unyevu tuupime vipi ikiwa wengi hawana kipima unyevu?

---

Mezani_kwa_Kalipa

Unyevu kwanza. Mizani ya jikoni ya gramu na oveni vinatosha. Kata kipande kutoka ndani ya ubao, angalau sentimita 30 kutoka kwenye ncha, kwa sababu ncha hukauka mapema na itakudanganya. Pima mara moja. Kiweke kwenye oveni ya nyuzi 103 mpaka uzito usipungue tena, kwa kawaida kama saa 24. Toa uzito mkavu kwenye uzito wa mwanzo, gawa kwa uzito *mkavu*, zidisha 100. Kipande cha gramu 250 kikibaki 210, unyevu ni asilimia 19. Wengi hugawa kwa uzito wa mwanzo, wakapata 16, na rundo likaonekana kavu kuliko lilivyo.

Kipima unyevu cha umeme kikinunuliwa ni kizuri kwa kazi ya haraka, ila ubao uliotiwa dawa ya chumvi, au gogo lililokokotwa baharini, hukifanya kisome juu kuliko kweli. Hapo rudi kwenye oveni.

Kukausha kwenyewe: rundo liinuliwe nusu meta kutoka ardhini, chini ya bati, wazi pande ambazo upepo unapita. Vijiti vya kutenganishia viwe vya unene mmoja, milimita 25, vikavu, kila sentimita 45 hadi 60, na vipangwe juu ya vyenzake mstari mmoja wima. Kijiti kikitoka mstarini, ubao wa chini unapinda hapo hapo. Kaskazi na kipupwe ubao wa inchi 1 unakauka vizuri. Masika msitegemee, lisogezeni rundo ndani na muache nafasi ya hewa.

La bei ni swali la sheria, amjibu karani.

---

Karani_wa_Ushirika

Bei msipange. Wafanyabiashara wanaoshindana wakikaa wakakubaliana bei ya kuuzia, hilo linagongana na sheria za ushindani halali wa biashara, na muhtasari wenu wa mkutano ndio utakaokuwa ushahidi. Jumuiya inaweza kufanya mengi bila ya kuvuka mpaka huo: kutangaza vipimo na madaraja, kufundisha namna ya kupiga gharama (gogo, mafuta, jisu, nauli, mabaki), kuagiza mzigo pamoja, kuzungumzia ada za vibali na Idara. Mwenye kujua gharama yake hauzi chini yake.

Vyama vya mbao vilivyodumu duniani vimefuata njia hiyo. Mfano ni Northeastern Lumber Manufacturers Association ya kaskazini mashariki ya Marekani, ya tokea 1933. Kazi yake kubwa ni kuandika kanuni za madaraja, kufundisha wapangaji madaraja na kukagua viwanda vya wanachama. Kila ubao unagongwa muhuri wenye mambo matano: alama ya chama, namba ya kiwanda, daraja, aina ya mti na hali ya unyevu. Bei kila kiwanda kinajipangia.

Muhuri wa namna hiyo kwenu hauhitaji mashine. Kateni stensili ya bati: alama ya jumuiya, namba ya mwanachama, na herufi ya daraja. Rangi ipakwe kwenye ncha ya ubao, rangi moja kwa kila daraja. Stensili ni mali ya jumuiya, inakaa kwa mwanachama kwa kuazimwa na kwa saini, na namba haihamishwi kwa mwengine hata akiuza biashara.

Malalamiko ya mnunuzi nayo yaandikwe tokea mwanzo. Ningependekeza hivi: mnunuzi alete lalamiko ndani ya siku 7 na kabla mbao hazijapigiliwa misumari wala kukatwa. Wakaguzi wawili wa wilaya nyengine wapime mbao 20 za rundo lile lenye namba ya mwanachama. Wakiona upungufu, mwanachama anabadilisha mbao zilizopungua na kulipa gari ya kwenda na kurudi. Wakiona hakuna upungufu, mnunuzi analipia nauli ya wakaguzi. Mara ya tatu ndani ya mwaka mmoja kwa mwanachama yule yule, stensili inarudishwa kwa mweka hazina, na jina lake linaondolewa kwenye orodha iliyobandikwa kwa masheha.

---

Mnazi_na_Mwembe

Nyongeza juu ya rangi: kwa mnazi, paka ncha zote mbili, si moja. Ubao mrefu wa mnazi unaweza kuwa mgumu upande wa chini ya shina na wa kati upande wa juu. Kama ncha mbili zinatofautiana daraja, kata pale ugumu unapobadilika, au uupe ubao wote daraja la ncha dhaifu.